Mkono wa Tatu: Mhadhara Kuhusu Molekuli Zinazofanya Makundi Ndani ya Seli



Naomba nianze na kigae cheupe. Yeyote aliyewahi kupimwa kundi la damu amekiona, hata kama hakukitilia maanani. Mtaalamu wa maabara anadondosha damu yako sehemu tatu. Kwenye tone la kwanza anaongeza dawa ya bluu, la pili dawa ya njano, la tatu dawa isiyo na rangi. Anakoroga kila moja kwa kijiti chake, kisha anakishika kigae na kukiinamisha huku na huku, taratibu, kama mtu anayepeta mchele kwenye ungo. Haichukui dakika mbili. Ukiwa wa kundi A, tone lenye dawa ya bluu linaanza kuonyesha punje. Damu iliyokuwa laini inageuka mchanga mwekundu ndani ya maji. Tone la njano linabaki laini vilevile.

Nilipokuwa kijana nilifanya kipimo hicho mara nyingi, kabla sijahamia kwenye hesabu na kompyuta, na mpaka leo naona kwamba somo langu lote limo ndani ya tone lile. Karl Landsteiner, aliyeeleza makundi ya damu huko Vienna mwaka 1901 na kupewa Tuzo ya Nobeli mwaka 1930, aliyaona madonge hayohayo. Kinachotokea ni hiki: dawa ile ina kingamwili aina ya IgM, na kila kingamwili ya aina hiyo ina mikono kumi. Seli nyekundu nayo imejaa sehemu za kushikwa, tena kwa maelfu mengi. Mkono mmoja unashika seli hii, mwingine unashika seli ile, seli ile nayo inashikwa na kingamwili nyingine, na kufumba na kufumbua kuna wavu. Mkono mmoja peke yake hauna nguvu kubwa. Wingi wa mikono ndio uliofanya kazi.

Molekuli za namna hii, zenye sehemu nyingi za kushikia, zimejaa ndani ya seli zetu. Jioni hii nitazungumzia jinsi tunavyotumia kompyuta kujua lini zitafanya makundi na lini zitabaki zimetawanyika. Nitaziita molekuli zenye mikono mingi, kwa sababu jina hilo linaeleweka na halidanganyi.

Hesabu ya kwanza ya jambo hili haikutoka hospitalini. Ilitokana na kemia ya plastiki. Mwaka 1941 mwanakemia wa Marekani, Paul Flory, alishughulikia swali ambalo kila mtengeneza plastiki alilijua: kwa nini mchanganyiko unaopikwa hubaki majimaji kwa muda mrefu, kisha ghafla unaganda wote? Walter Stockmayer aliiendeleza hesabu hiyo mwaka 1943. Flory alipata Nobeli ya kemia mwaka 1974 kwa kazi yake yote juu ya molekuli kubwa.

Hesabu yenyewe naweza kuwapa bila ubao. Fikirieni ukoo. Kama kwa wastani kila mtu anaacha mtoto asiyetimia mmoja, ukoo utazimika, hata uanze na watu mia. Kama kwa wastani kila mtu anaacha zaidi ya mmoja, ukoo unaweza kuendelea bila kikomo. Mpaka uko palepale kwenye moja. Sasa weka molekuli mahali pa watu. Chukua molekuli yenye mikono mitatu. Umeifikia kwa kupitia mkono mmoja, kwa hiyo imebakiwa na miwili. Kama kila mkono una uwezekano wa nusu wa kuwa umemshika jirani, basi kwa wastani mmoja kati ya hiyo miwili umeshika: mtoto mmoja. Hapo ndipo mpaka ulipo. Uwezekano ukizidi nusu kidogo tu, wavu unatanda chombo kizima. Molekuli ikiwa na mikono minne, theluthi moja inatosha.

Je, ikiwa na mikono miwili? Umeifikia kwa mmoja, umebaki mmoja. Ili ukoo usizimike, kila mkono, bila kusaza hata mmoja, uwe umeshika. Katika dunia yenye joto, ambamo vifungo hukatika kila wakati, hilo haliwezekani. Mikono miwili inakupa minyororo, mirefu au mifupi, lakini wavu hupati. Tofauti kati ya miwili na mitatu ni kubwa kuliko tofauti kati ya mitatu na kumi. Tafadhali likumbukeni hilo, maana tutalikuta tena ndani ya figo.

Kuna jambo la pili ambalo Flory alilijua na wahudumu wa maabara wanalijua kwa uchungu: uwiano. Kipimo cha kaswende kiitwacho RPR hufanyika kwenye kadi nyeupe. Unaweka seramu ya mgonjwa, unaongeza tone lenye chembe ndogo sana za mkaa, unazungusha. Kingamwili za mgonjwa zikiwepo, zinaunganisha zile chembe na unaona madonge meusi kwenye kadi. Mzee aliyenifundisha kazi aliniletea siku moja seramu iliyokuwa imetoa kijivu laini, bila donge hata moja. Akaniambia niizimue. Nikaizimua mara mbili, mara nne, mara nane. Kwenye mara kumi na sita madonge yakatokea, meusi na makubwa. Sikuamini macho yangu. Mgonjwa alikuwa na kingamwili nyingi kupita kiasi; kila nafasi kwenye kila chembe ilikuwa imeshakaliwa na kingamwili yake, na hapakubaki nafasi ya kuunganisha chembe na chembe. Tulipopunguza kingamwili, daraja likapatikana. Wataalamu huiita hali hiyo prozoni, na mgonjwa anaweza kurudishwa nyumbani akiambiwa ni mzima wakati ugonjwa umemjaa. Mwaka 1952 Robert Goldberg alichukua hesabu ya Flory ya plastiki akaitumia kwa kingamwili na vishikwa vyake, na ikaeleza kwa nini kuzidi kwa upande wowote mmoja huvunja wavu.

Sasa tuingie ndani ya seli.

Kwa miaka mingi vitabu vilituchorea seli kama nyumba yenye vyumba, kila chumba na ukuta wake wa utando. Mwaka 2009 Clifford Brangwynne, Anthony Hyman na wenzao walichunguza chembechembe fulani ndani ya viinitete vya mnyoo mdogo aitwaye C. elegans, wakaona zinatenda kama matone ya kimiminika: zikikutana zinaungana, zikisukumwa zinatiririka. Ukuta hapakuwepo. Mwaka 2012 Pilong Li na Michael Rosen, huko Dallas, pamoja na wenzao, waliunda protini zenye sehemu ileile moja iliyorudiwa mara moja hadi mara tano, na protini nyingine za kuzishika hizo. Zenye marudio machache zilibaki zimeyeyuka. Zenye marudio mengi zilijitenga na maji zikawa matone yanayoonekana kwa hadubini. Na kadiri mikono ilivyoongezeka, ndivyo kiasi kidogo zaidi cha protini kilivyotosha.

Kazi hiyohiyo ilihusu mfumo wa figo, na hapo naomba tukae kidogo. Figo zetu huchuja takriban lita 180 za majimaji kila siku, na karibu zote hurudishwa mwilini. Kichujio chenyewe kimeshikiliwa na seli zenye miguu mingi iliyopishana kama vidole vya mikono miwili iliyofumbatana. Katika mianya kati ya miguu hiyo ipo protini iitwayo nefrini. Tuliijua mwaka 1998, pale kundi la Karl Tryggvason lilipotafuta chanzo cha ugonjwa wa watoto wa Kifini wanaozaliwa na figo zinazovuja protini.

Mkia wa nefrini ulio ndani ya seli una sehemu tatu zinazoweza kubandikwa fosfati na kushikwa na protini nyingine, Nck. Nck ina mkono mmoja wa kushika fosfati hiyo na mitatu ya kushika protini ya tatu, N-WASP, ambayo nayo ina sehemu nyingi za kushikwa. N-WASP ndiyo inayochochea ujenzi wa nyuzi za aktini, na nyuzi hizo ndizo zinazoipa miguu ya seli umbo lake. Tazameni sasa werevu wa mpango huu. Fosfati haiongezi protini mpya, na haifanyi mshiko kuwa mkali zaidi. Inaongeza mkono. Nefrini yenye fosfati moja ni kifuniko tu cha mnyororo. Yenye mbili inaendeleza mnyororo. Yenye tatu inaweza kutanda wavu hata kama waliopo katikati wamejipanga mstari tu. Seli inapotaka kusema "jengeni hapa", inaweza kusema kwa kuongeza mkono wa tatu.

Habari kama hiyo ipo kwenye seli T, askari wa kinga yetu. Protini iitwayo LAT, iliyo kwenye utando, hubandikwa fosfati na kushikwa na protini nyingine, Grb2. Grb2 mbili zinaweza kuunganishwa na protini iitwayo Sos, na hapo LAT mbili zimepata daraja. Mwaka 2009 Ambarish Nag, Byron Goldstein na wenzao walionyesha kwa hesabu na kwa kompyuta kwamba LAT yenye nafasi mbili za Grb2 hutoa minyororo tu, na yenye tatu hugeuka ghafla kuwa kundi moja kubwa. Mwaka 2016 Xiaolei Su na wenzake walijenga mfumo huo kwenye utando wa maabara, wakayaona makundi kwa hadubini.

Lakini hesabu ya ukoo ina upofu wake. Haijui umbo. Inahesabu mikono bila kuuliza mkono una urefu gani, wala kama umebanwa nyuma ya mgongo. Turudi kwenye kigae. Kingamwili aina ya IgG ina mikono miwili, na seli nyekundu ina nafasi nyingi mno, kwa hiyo kwa hesabu tupu madonge yangetokea. Mara nyingi hayatokei. Seli nyekundu zina chaji hasi, zinasukumana, na IgG ni fupi: haifiki ng'ambo. Mwaka 1945 Coombs, Mourant na Race walitatua tatizo hilo kwa kuongeza kingamwili inayoishika kingamwili yenyewe, na daraja likarefuka. Kipimo cha Coombs tunakitumia mpaka leo tunapopima damu kabla ya kumwongezea mgonjwa. Ni kipimo kizima kilichozaliwa kwa sababu ya urefu wa mkono.

Hapo ndipo kompyuta inapohitajika kweli. Mwaka 2016 Paul Michalski na Leslie Loew, huko Connecticut, walitoa programu iitwayo SpringSaLaD. Niwaeleze inavyofanya kazi, maana ukiielewa hutaiogopa. Molekuli inachorwa kama shanga zilizounganishwa kwa springi. Shanga nyingine ni mikono, nyingine ni vipande vya kati visivyoshika kitu. Unaziweka ndani ya kisanduku, tuseme cha nanomita 100 kila upande. Unywele wa kichwani ni mpana kuliko hapo mara mia kadhaa. Molekuli 60 ndani ya kisanduku hicho ni ukolezi wa takriban mikromola 100. Kisha unaiachia kompyuta. Kila shanga inapigwapigwa na maji kwa bahati nasibu, inavutwa na springi yake, inazuiwa isipite katikati ya shanga nyingine. Mikono miwili inayopatana ikikaribiana vya kutosha, kompyuta inarusha karata: imeshikana au haijashikana? Iliyoshikana nayo inaweza kuachana wakati wowote. Tukichukua hatua ya nanosekunde 10, sekunde moja tu ya maisha ya seli ni hatua milioni 100. Na kwa kuwa ni mchezo wa bahati, huwezi kuucheza mara moja ukaamini. Unaurudia mara nyingi, kisha unahesabu vikundi: vya molekuli mbili vingapi, vya tano vingapi, kikubwa kuliko vyote kina ngapi.

Wengine huacha umbo na kushughulika na wingi wa mchanganyiko. Protini yenye nafasi kumi, kila moja ikiwa wazi au imekaliwa, ina hali 1,024. Ziunganishe protini chache za namna hiyo na hakuna karatasi itakayotosha kuorodhesha kila kinachoweza kutokea. Ndiyo maana programu kama BioNetGen huandikiwa kanuni badala ya orodha: mkono huu hushika pale, kwa kasi hii, basi. Mengine kompyuta inayakuta njiani.

Mwaka 2019 Aniruddha Chattaraj, Madeleine Youngstrom na Loew walitumia SpringSaLaD kwenye nefrini, Nck na N-WASP. Uwiano ulionekana tena: vikundi vilipendelea idadi zinazoacha mikono michache bila mwenzi. Nefrini ilipofungwa kwenye utando, vikundi vilikua, kwa sababu molekuli zilizobanwa kwenye ukuta hukutana mara nyingi kuliko zinazoelea. Kipande kisichoshika kitu kikiwa mwishoni mwa molekuli kilizuia mkusanyiko zaidi kuliko kikiwa karibu na mkono, maana kipande cha mwishoni huziba njia ya kuingia ndani ya kundi. Na jambo lililonishangaza mimi: molekuli zilizolegea zaidi zilikusanyika kidogo. Mimi ningebashiri kinyume. Ningesema aliye mlegevu anafika mbali na kushika wengi. Kumbe anajikunja na kuificha mikono yake mwenyewe. Kwa ajili ya sentensi moja kama hiyo, nadhani kazi yote ile ilistahili.

Mwaka 2021 Chattaraj, Michael Blinov na Loew waliongeza jambo ambalo kila mwanafunzi wa kemia wa kidato cha tano atalitambua. Mnakumbuka chumvi isiyoyeyuka vizuri, kama kloridi ya fedha: ukizidisha kiasi cha ayoni huru za upande huu na za upande ule, jibu lina kikomo, na kikipitwa chumvi inashuka chini. Walionyesha kwamba protini zenye mikono mingi zinazoshikana aina kwa aina hufuata kawaida hiyohiyo. Ukiongeza ya upande mmoja, iliyo huru ya upande wa pili inapungua, na lile zao la mbili linabaki karibu palepale, huku ziada ikiingia kwenye makundi makubwa. Sheria ya darasani kwetu shuleni imekutwa ndani ya seli.

Niseme na neno la tahadhari. Baada ya 2012 watu wengi walikimbilia matone. Walichukua protini, wakaijaza kwenye chupa kwa ukolezi ambao seli haijawahi kuwa nao, wakaona tone, wakatangaza. Modeli nzuri inasaidia kuwazuia, kwa kuuliza: kwa kiasi kilichomo kweli ndani ya seli, je, mpaka umepitwa? Lakini modeli nayo inaweza kudanganya. Kasi za kushikana tunazoingiza huwa zimepimwa ndani ya maji safi, na seli imesongamana. Mimi nina kanuni moja: modeli ambayo haikuniambia kipimo gani cha maabara kingeikanusha, siiandiki.

Najua wapo watakaouliza kuhusu selimundu, na ni haki yao, maana ugonjwa huo upo majumbani mwetu. Himoglobini ya selimundu ikipoteza oksijeni hujipanga kuwa kamba ngumu zenye mpangilio. Haitengenezi wavu uliolegea kama ule wa nefrini. Hesabu zake ni tofauti. Linalofanana ni mpaka: ukolezi ukipanda kidogo tu, muda wa kusubiri kabla kamba hazijaanza hufupika mara nyingi sana. Ndiyo maana dawa ya haidroksiyurea, inayoongeza himoglobini ya utotoni isiyopenda kuingia kwenye kamba hizo, huwapa wagonjwa nafuu kubwa. Kusogeza mpaka kidogo ni matibabu.

Kwenu wanafunzi, nina ombi. SpringSaLaD na BioNetGen hazilipiwi, na mfano mdogo unaendeshwa kwenye kompyuta ya kawaida ya mkononi. Hatuna hadubini za mamilioni, lakini hesabu hii haizihitaji ili kuanza. Tuna wanabiolojia wanaoogopa hesabu na wanahesabu wasiojua protini. Kaeni meza moja. Wahudumu wa maabara wa hospitali zetu nao waiteni, kwa sababu wanaona madonge na prozoni kila wiki na hakuna anayewauliza. Wiki hii chukueni molekuli yenye mikono miwili, muiendeshe mara mia, mhesabu vikundi. Kisha iongezeeni mkono wa tatu, mhesabu tena, na mniletee majedwali yote mawili. Mlango wangu uko wazi kila Alhamisi mchana.